Ukucha wa Kupimia Buji

Jumatatu asubuhi, kule Cimpunda, Maman Eulalie alitandika gunia juu ya meza, akapanga buji sita, zile za kutoa cheche ndani ya moteri, za kamio, lori ya marehemu mume wake, Zagabe. Kamio ilikuwa ya petroli, ya zamani, na ilikunywa mafuta ya moteri kama shemeji anavyokunywa pombe ya kasiksi kwenye kilio. Kwa hiyo aliziacha buji za baridi ambazo muuzaji alizisifu. Alichagua za moto, zinazojiunguzia masizi, zenye shingo fupi, maana ndefu zingegonga pistoni.

Mwanya wa cheche haukumusumbua. Ukucha wa dole gumba lake uligeuka chuma tangu alipoolewa, unene wake sept dixièmes, sehemu saba za kumi za milimita, kamili. Aliupitisha chini ya kamudomo ka buji. Ukibana, alikainua kidogo. Ukicheza, alikagonga polepole juu ya jiwe. Kwa kumenya viazi pia ulikuwa muzuri.

Wakafika mashemeji zake, Donatien na Bruno, wamevaa viatu vya misa. Walikuja kuchukua kamio, kwa sababu kwao mwanamuke harithi kamio.

"Shemeji, tunajua utalia," Donatien alisema.

"Nilie nini? Mukae. Mulikula?"

Wakala. Bruno akautazama ukucha.

"Na hiyo inaenda na kamio. Ilimea ukiwa bibi ya yaya yetu, kaka yetu Zagabe. Iko ya famille."

"Na jino? Hili la nyuma lilimea nikiwa humu humu."

Donatien aliwaza sana. "Jino utabakia nalo."

Eulalie akafunga buji kwenye moteri, akakata ukucha kwa musumeno, akawapa katika karatasi.

Walipofika Miti, Bruno, ambaye hakuamini kazi ya mwanamuke, alifungua buji azipime upya. Ukucha ulikuwa umelainika kama wa mutu yeyote. Akapima hivyo hivyo. Kamio ikakohoa, ikafa. Wakarudishwa Cimpunda kwa kuvutwa na kamba.

Ukucha mupya ulikuwa umeshamea, chuma.

"Musalimie kwanza," Eulalie alisema.

Wakasalimia. Akapima zote, akafunga, akawasha yeye mwenyewe. Silinda zote zikaitika. Akashuka, akaweka mikono kiunoni.

"Sasa mushuke. Mimi ndiye naijua."

"Mwanamuke na kamio wapi na wapi, maman!" Bruno akacheka, akachukua usukani.

Mashemeji wakapanda kilima bila kikohozi hata kimoja, na jina la Donatien limeshapakwa kwenye mulango. Mulio wa moteri ulifika mpaka Muhumba. Watu wa huko hawakuuliza kamio ni ya nani. Walisema tu, "Hiyo ni Eulalie."