Mgomba Nyuma ya Kompyuta

Kokulinda alikuwa na desturi ya kufuta kibodi kwa kitambaa kibichi kabla ya kuwasha kompyuta, maana ofisi ya kampuni ya boti za mizigo pale Igogo ilipakana na ghala, na vumbi la saruji halina adabu. Kisha aliwasha mashine, akafungua fomu ya watumishi na kuweka mahudhurio, jina baada ya jina. Jumatatu moja, alipofika kwenye jina la Byabato, fomu iliganda, kioo kikawa cheupe, programu ikajifunga yenyewe. Kwenye tundu la feni, nyuma ya mashine, likachomoza jani la mgomba ambalo bado lilikuwa limejiviringisha.

Alifungua tena. Ikajifunga tena, na jani likarefuka kidogo.

Byabato alikuwa mume wake. Alikuwa fundi wa injini kwenye boti ya kampuni hiyo hiyo, na siku boti ilipolala ubavu njiani kwenda visiwani, ilikuwa imejazwa mizigo kupita kiasi na haikuwa na boya hata moja la kujiokolea. Wenzake walishika madumu wakaelea. Yeye hakuonekana tena. Meneja Shigela alikaa mwenyewe mbele ya kompyuta, na pale fomu inapouliza hali ya mtumishi akachagua: Ametoroka kazini. Ukichagua Amefariki, fomu inauliza alifia wapi na kwa sababu gani, na meneja hakupenda maswali ya namna hiyo.

Neno hilo halikubaki ofisini. Kule Mkuyuni alikopanga, Kokulinda akawa mwanamke aliyekimbiwa na mume. Hakuna aliyekuja kumpa pole ya msiba. Wanajumuiya wa kanisani walikuja kila Jumamosi kumwombea mumewe arudi. Walimshika mabega, wakamwambia wanaume ndivyo walivyo. Hakuwa na mtoto wa kulia naye. Alikuwa mpweke mno, na lililomuuma kuliko yote ni kwamba hata huo upweke watu walikuwa wameupa sababu isiyo yake.

Yeremia, fundi wa kompyuta, alifika baada ya chai. Alikuwa mtu mwembamba asiyependa kuzungumza na watu kabla hajazungumza na mashine.

"Imeanza lini, dada Koku?"

"Leo asubuhi."

"Na hili jani?"

"Vimeanza pamoja."

Yeremia alisogeza jani pembeni ili aone nyaya. Alinakili faili lote kwenye mashine nyingine. Huko nako fomu ikajifunga, na chipukizi likatokeza. Alitengeneza faili jipya, tupu, akahamishia fomu humo. Aliondoa picha za watumishi, maana picha nzito huangusha fomu mara nyingi. Wapi! Mwishowe alifanya kama mtu anayetafuta mchele mbovu guniani: aliwagawa watumishi nusu kwa nusu, akafungua nusu moja, ilipofunguka vizuri akajua ubovu uko kwenye nusu nyingine, akaigawa hiyo tena, hadi akabaki na jina moja tu.

Wakati huo majani yalikuwa yamefika dirishani. Odeta, aliyewapikia wapagazi pale getini, aliingia na kisu akakata mawili ya kufunikia wali wake. "Ya sokoni yamejaa vumbi," alisema, akashukuru, akatoka.

Kokulinda alitoka nje akampigia simu Jovinary, mdogo wake Byabato, kule Kamachumu. Kwao mtu akipotea bila mwili kupatikana, huzikwa gogo la mgomba mahali pake, roho ipate pa kutulia. Ndugu walikuwa wamemwamini Kokulinda kwamba mumewe alikufa maji, wakazika gogo.

"Shemeji, lile gogo mlilikata, au mliung'oa mgomba na kisiki chake?"

"Mvua ilikuwa inakuja, shemeji. Wazee wanataka wamalize. Tuliung'oa mzima mzima, na mizizi yake."

"Si unajua huwa unakatwa?"

"Najua. Lakini mbona hapa kaburini hakujaota kitu?"

"Umeotea huku ofisini."

"Aa," alisema Jovinary. "Basi muumwagilie, kiangazi hiki."

Aliporudi ndani, Yeremia alikuwa ameegemea kiti. "Fomu yenyewe haina ugonjwa, dada. Ni huyu mmoja. Nikimfuta, kazi zinaendelea."

"Usimfute."

"Basi tujaribu kubadilisha neno. Mara nyingine kosa linakaa hapo." Akachagua Amefariki.

Fomu haikujifunga. Feni ikatulia, majani yakaacha kukua. Kwenye kioo zikatokea nafasi mbili tupu, wapi na kwa sababu gani, na chini yake sehemu ya nywila ya meneja. Kokulinda aliziangalia zile nafasi mbili. Majibu yote mawili alikuwa nayo.

Walikwenda chumbani kwa meneja. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Shigela aliwasikiliza hadi mwisho, tena kwa upole. "Kokulinda, nakuheshimu sana. Lakini nikiweka amefariki, kesho wataniuliza maboya yako wapi. Wakifunga kampuni, si wewe wala mimi atakayekula. Fundi, hiyo fomu haiwezi kumruka tu?"

"Inaweza," alisema Yeremia, akiangalia viatu vyake.

"Basi imruke."

Ikamruka. Kuanzia siku ile fomu ilifanya kazi bila matata, ikitoka kwa Bwire ikaenda moja kwa moja kwa Chacha. Neno likabaki lilivyokuwa, na mgomba nao ukaendelea. Seremala alitoboa dari ili upite. Kila asubuhi, akishafuta kibodi, Kokulinda aliumwagilia maji ya kikombe, akauambia habari za nyumbani, ambazo hazikuwa nyingi.

Mgomba ulizaa mkungu mkubwa, ukiwa umelalia kabati la mafaili. Meneja alisifu sana, akagawa chane kwa wafanyakazi wote. Akimpa Kokulinda ya kwake, Kokulinda alimwomba tena lile neno.

"Hilo tuliache," alisema Shigela. "Mbona mambo yanakwenda vizuri?"

Jumamosi Kokulinda alizimenya ndizi zile, akazipika na maharage kama wanavyopika kwao, akawaandalia wanajumuiya. Walikula wakamaliza sufuria. Winnie, mwenyekiti wao, aliuliza zimetoka wapi ndizi tamu hivi. Kokulinda akasema ni za Byabato.

"Kumbe anakukumbuka!" alisema Winnie, akafurahi kwa moyo wote. "Ndugu zangu, tusichoke kuomba. Ee Bwana, popote alipo ndugu yetu Byabato, mrudishe nyumbani kwa mkewe."

Wote waliitikia. Kokulinda naye aliweka sahani chini, akameza, akaitikia pamoja nao: "Twakuomba utusikie."