Damu ya Kulinganishia

Wigati, msaidizi wa maabara, aliiona mikia kabla ya Dokta Endah kuiona, akampisha kwenye hadubini.

Chumba kilikuwa na giza, maana kazi ile haitaki mwanga. Mwanga nao huzijeruhi seli. Alikuwa ameifanya mara nyingi mpaka mikono ikajiendea yenyewe. Tone la damu huchanganywa na jeli ya mwani ya uvuguvugu, likatandazwa juu ya kioo. Kioo hutumbukizwa kwenye maji makali ya chumvi mpaka seli zipasuke, zibaki nyuzi tupu za DNA. Kisha hupitishwa umeme. Uzi ulio mzima hauendi kokote. Chini ya hadubini huonekana mviringo kama mwezi. Uliokatwakatwa na kemikali, vipande vyake huvutwa na umeme vikaburuzika nyuma, na mwezi ukageuka nyota yenye mkia. Mkia ukiwa mrefu, jeraha ni kubwa.

Damu za wapaka rangi wa batiki zilikuwa na mikia. Hilo walilitarajia, ndiyo sababu ya utafiti wenyewe. Lakini kioo hiki kilikuwa cha damu safi, ya mtu asiyegusa rangi, iliyowekwa pale ili zile nyingine zilinganishwe nayo.

"Hiki kimeharibika," Dokta Endah alisema, jicho bado kwenye hadubini. "Umekiacha kwenye mwanga?"

"Hapana, Dokta."

"Basi umeme ulipitiliza. Rudia, na damu mbichi."

Wigati alirudia. Damu nyingine safi, za makarani na walimu, zilitoka miezi mitupu, imejaa, inapendeza. Ile moja ikatoka na mikia tena.

"Huyu ni nani?" Dokta aliuliza. Damu zote zilikuwa na namba, hazina majina.

"Ni mimi."

Dokta Endah alivua miwani. "Unaishi wapi wewe?"

"Kaskazini, kwa mavyaa wangu. Chumba chetu kiko nyuma ya banda la rangi."

"Na siku zote hukuniambia?"

"Uliniuliza kama ninapaka rangi, Dokta. Sipaki."

"Basi siwezi kukulinganisha na wapaka rangi," Dokta akasema taratibu. "Wewe ni mmoja wao."

"Ni kansa?"

"Sijasema hivyo. Kipimo hiki hakitaji ugonjwa. Kinasema kwamba leo nyuzi zako zimechanika. Mwili hushona kila siku, lakini wako unachanwa upesi kuliko unavyoshona. Toka pale kwa muda, halafu nikupime tena."

"Nitoke niende wapi?"

Dokta Endah alichukua kitambaa akaanza kuifuta hadubini ambayo haikuwa na vumbi.

Mtaa wao wa kaskazini mwa Pekalongan, mji wa batiki ulioko pwani, ulikuwa unazama. Bahari ilipojaa, maji yalipanda mitaroni yakaingia majumbani, na yaliingia na kila kilichomwagwa humo. Rangi iliyotupwa asubuhi ilirudi jikoni jioni, leo nyekundu, kesho buluu. Familia ilijaza kifusi ikainua sakafu, ikainua tena, mpaka madirisha yakawa usawa wa magoti na Sasmito, mume wa Wigati, akawa anainama kuingia chumbani mwake mwenyewe. Hakukuwa na mtu wa kununua nyumba kule, hata kwa kuwahurumia wenyeji.

Bu Kasirah, mama yake Sasmito na mwenye banda, alikuwa anachovya kitambaa kwenye pipa la rangi nyekundu pamoja na wanawake wake. Mikono mitupu. Glavu zilining'inia msumarini.

"Umerudi mapema, mkwe. Dokta wako kakufukuza?"

"Hapana, Mama. Nimepimwa."

"Nawe tena? Si ndiwe mpimaji?"

"Damu yangu ina majeraha. Sawa na ya wapaka rangi."

"Mimi nilisema," alidakia Tumini, mpaka rangi wa siku nyingi pale bandani. "Nilisema huyu bibi wa koti jeupe ni mwenzetu. Karibu pipani, shoga, nafasi ipo."

Wanawake wakacheka. Bu Kasirah hakucheka. "Na yangu mliyoichukua?"

"Dokta atakuja mwenyewe kuwaambia nyote."

"Sikumuuliza Dokta."

"Mama, siruhusiwi kusema."

"Umeshasema." Akazamisha kitambaa tena. "Na hizo glavu usizitazame hivyo. Nikizivaa sihisi kitu. Nta ya kuzuia rangi ikipasuka kwenye nguo nitajuaje?"

Dokta Endah alikuja kweli, akaketi sebuleni na wanawake wote, akaeleza bila kuficha. Walimsikiliza kwa adabu. Tumini akauliza kama anajua kazi nyingine mtaani, ya mwanamke wa umri wake. Dokta akasema hajui. Wakamshukuru kwa kuja, wakarudi mapipani. Wachache walivaa glavu.

Sasmito ndiye aliyemsukuma mkewe aende kwa dada yake huko Salatiga, milimani. Wigati alikaa huko mwezi mzima. Alilala madirisha wazi, akanywa maji yasiyo na rangi, na usiku alishtuka kwa kukosa ile harufu ya rangi.

Aliporudi alipita maabara kwanza. Dokta Endah alitazama kioo chake, akatabasamu.

"Njoo uone. Mikia imefupika. Mwili wako unashona."

Wigati aliinama kwenye hadubini, akaiona ile miezi yake. Mikia ingebaki vilevile, angesema ndivyo alivyoumbwa, akamwachia Mungu wake. Sasa hakuwa na pa kujificha. Kilichomchana kilikuwa ni nyumba yao.

Jioni Bu Kasirah alipakua wali kwa fenesi changa lililokatwakatwa likachanganywa na nazi. Wigati aliwaeleza alichokiona, mkoba wake wa safari ukiwa bado mlangoni.

"Basi rudi kwa dada yako," Sasmito alisema.

"Na wewe?"

Sasmito alimtazama mama yake.

"Usinitazame mimi," alisema Bu Kasirah. "Nendeni wote wawili. Mimi si mtoto."

"Twende sote, Mama," Wigati alisema.

"Hawa wanawake niwaachie nani? Bosi mwingine atawapa rangi hiihii, na kiti cha kupumzikia asiwape. Na baba yenu je? Maji yamefika makaburini. Nani atamwinulia kaburi?"

"Mama asipotoka, mimi sitoki," Sasmito alisema.

"Nani kakuomba?"

"Hakuna."

Kila mmoja alikuwa kamba iliyomzuia mwenziwe, na hapakuwa na aliyeifunga. Wigati alijiona tena kule kwa dada yake, amelala vizuri huku damu yake ikijishona, na hawa wawili wakibaki wanachanika bila yeye. Akajaribu kuitaka picha ile. Hakuweza.

"Kula, mwanangu," Bu Kasirah alisema kwa sauti ya chini, akimwongezea wali. "Kitapoa."

Alikula. Kisha alichukua mkoba, akaingia nao chumbani, akatoa nguo moja moja na kuzipanga kwenye rafu ya juu ya kabati, ambako maji yalikuwa bado hayajafika.