Keki Isiyoona Moto

Mdogo wangu Scholastika hajasogelea jiko tangu ana miaka tisa. Siku hiyo alikuwa anasonga ugali, kifafa kikamwangusha, mkono wa kushoto ukaingia kwenye mafiga. Ulipona, ila vidole viwili vimeshikana mpaka leo. Ukoo ukakaa kikao, ukaamua Skola asikaribie moto. Uamuzi mzuri, sina ubishi nao. Tatizo ni kwamba kikao kile hakijafungwa mpaka leo. Sasa ana miaka thelathini na nne, anashona sare za shule, anameza vidonge vyake kila siku, mwaka wa nne huu hajaanguka, na bado kwenye kila shughuli anapewa kipande cha boksi akae afukuze nzi.

Na shughuli za kwetu zina utaratibu. Wanawake wakishamaliza kupika, kila sufuria inatolewa nje mbele ya wageni, inafunuliwa, na mkuu wa jiko anamtaja mwenye nayo kwa sauti. Vigelegele. Mwenye sufuria anaonja kijiko kimoja watu wakimwona, ndipo wageni wanapakuliwa. Mimi nimetajwa kwa maharage miaka ishirini, maharage tu, na kila mara natembea wiki nzima kifua mbele kama nimeshinda udiwani. Skola hajatajwa hata mara moja.

Ikaja taarifa ya kipaimara cha Huruma, binti wa kaka yetu Godwin wa Newala. Jumapili ya pili ya Desemba. Mimi na Skola tunakaa wote Lisekese, hapa Masasi, na jioni hiyo alizima cherehani akaniambia, "Dada, safari hii natajwa."

"Kwa nzi?"

"Kwa keki."

"Keki inaokwa, Skola."

"Hii haiokwi. Haioni moto hata wa kiberiti."

Alikuwa ameiona kwenye simu ya mteja wake. Unasaga biskuti, unapanga. Unaweka maziwa mazito, unapanga. Unaweka matunda, unapanga tena, mpaka bakuli lijae, halafu unaiacha kwenye baridi ishikane. Wenzetu wa kwenye simu walitumia matunda madogo mekundu ya Ulaya. Masasi hii ukiyaulizia sokoni watakuuliza kama umemeza dawa. Lakini ilikuwa Desemba, na Desemba zambarau zinaanguka zenyewe barabarani, unazikanyaga mpaka kandambili inabadilika rangi.

"Hizi hapa," Skola akasema. "Zao nyekundu, zangu nyeusi. Tuone."

Alijaribu mara tatu, na mpimaji alikuwa mume wangu, Baba Anderson, mtu ambaye hajawahi kukataa chakula tangu abatizwe. Mara ya kwanza zambarau zilibaki na kokwa, Baba Anderson akang'ata moja akashika shavu mpaka asubuhi. Mara ya pili mtindi haukuchujwa vizuri, keki ikawa uji, tukainywa kwa vikombe na hatukumwambia mtu. Mara ya tatu Skola aliuning'iniza mtindi kwenye kitambaa kutwa nzima, akauchanganya na maziwa ya kopo, akakamulia ndimu. Ukaganda wenyewe mbele ya macho yetu. Mimi nina diploma ya ualimu, nafundisha sayansi darasa la sita, na nilikodoa macho kama mwanafunzi wangu.

"Nani kapika hapo?" Skola akauliza.

"Ndimu," nikasema.

"Nimepika mimi. Ndimu nimeituma."

Newala tulifika Jumamosi mchana, na bakuli la kioo nimelipakata kama mtoto mchanga. Mkuu wa jiko alikuwa Mama Huruma mwenyewe, mke wa Godwin. Si mtu mbaya. Ni mtu wa kuogopa watu, basi. Alitupokea vizuri, akatukumbatia, kisha akaona ndoo ya zambarau.

"Wifi, hizo za nini?"

"Za keki yangu ya kesho," Skola akajibu. "Naomba nipate kona tu. Moto sihitaji."

Mama Huruma akanitazama mimi. Watu wana tabia hiyo, wakitaka kumwambia Skola jambo wanaangalia aliye jirani yake.

"Mama Anderson, unajua watu. Wataogopa."

"Sema na mimi, wifi, nipo hapa," Skola akasema. "Wataogopa nini?"

"Ule ugonjwa. Wanasema unaambukiza, mate, mikono. Mimi siamini, lakini watu..."

"Watu gani? Wataje."

"Watu tu."

"Basi Watu akifika mniite, nimsalimie."

Nilicheka, ndiyo kazi yangu, lakini nilimwona Skola taya limekaza. Mama Huruma hakucheka. Alisema keki atengeneze akipenda, itakuwa ya watoto, italiwa uani, na mezani haiendi.

"Itaenda," Skola akasema, akaingia stoo na ndoo yake.

Jumapili aliamka kabla ya wote. Wenzake walipokuwa wanapuliza moto huku macho yanatoka machozi, yeye alikaa kwenye kigoda stoo, safi kama mkaguzi wa elimu, anasaga biskuti kwa chupa. Akachanganya na siagi na korosho za kukaanga alizonunua stendi, akashindilia chini ya bakuli. Juu mtindi. Juu zambarau zilizopondwa na sukari, zimetolewa kokwa moja moja, kwa vidole vile vile. Akarudia mpaka juu. Ukiangalia kioo kwa pembeni unaona mistari, kahawia, nyeupe, zambarau, kahawia tena. Kanga ya harusi haifui dafu. Akaliweka bakuli ndani ya beseni la barafu za mifuko, akafunika na kitambaa, akaenda kanisani kumwona Huruma akiwekewa mikono.

Tuliporudi, wageni walikuwa wamejaa chini ya turubai. Skola akaingia stoo, mimi nyuma yake. Akafunua.

Kipande kimoja cha keki hakikuwepo. Si panya huyo. Panya hatumii kijiko, na huyu alichota mara nne au tano, akasawazisha juu kwa uangalifu, kama mtu anayefukia shimo.

"Nani?" nikauliza.

Skola aliliinamia lile shimo, akaliangalia. Nilidhani atalia. "Aliyekula kapenda," akasema. "Shika huku, tulitoe."

Tukalitoa. Tukalipeleka mpaka meza ya mbele, tukaliweka katikati ya pilau na kuku wa nazi. Nikarudi nikakaa. Mama Huruma alikuwa ameshaanza kutaja. "Pilau la Mama Khalidi!" Vigelegele. "Kuku wa Yasinta, na kachumbari yake!" Vigelegele. "Maharage ya Mama Anderson!" Nikanyanyuka, nikaonja, nikazungusha kiuno kidogo, watu wakacheka. Akafika kwenye bakuli. Akalipita.

"Matembele ya Mama Kulwa!"

Skola akasimama. "Wifi, umeruka moja."

Shingo zote chini ya turubai zikageuka.

Mama Huruma akajaribu kutabasamu na mdomo umefungwa. "Hilo halijapikwa, wifi. Tunataja vilivyopikwa."

"Kachumbari ya Yasinta imepikwa? Umeitaja sasa hivi."

Mtu akacheka nyuma. Kisha mama mmoja mwenye gauni la kitenge, simjui mpaka leo, akamwegemea mwenzake akasema, si kwa kunong'ona kama alivyodhani, "Lakini si ndiye yule mwenye kifafa?"

"Ndiye," Skola akamjibu. "Shikamoo mama. Mkono huu hapa, utazame vizuri. Kifafa hakiambukizi kwa mkono, wala kwa kijiko, wala kwa keki. Ningekuwa naambukiza, dada yangu huyu ninayelala naye nyumba moja angekuwa ameshaanguka zamani. Anaanguka akicheka tu."

Hakungoja mtu. Akachukua kijiko kikubwa cha pilau, akachota mpaka chini, tabaka zote, akala. Palepale, amesimama, mbele ya watu mia na kitu. Akachota tena. Hakuna aliyepakuliwa kitu, sote tunamwangalia anakula keki peke yake kama hakimu.

Mzee Awadhi, Myao wa Masasi na mtani wa ukoo wetu, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akaja na sahani. "Wamakonde nyie, mkibishana chakula kinaisha. Nipe hiyo mimi, nikianguka mtanizika, kwanza mna hamu hiyo siku nyingi."

"Subiri, mtani," Skola akasema, akafunika bakuli. "Haijatajwa. Hailiwi mpaka itajwe."

"Mama Huruma, taja bwana! Mimi nazeeka hapa."

"Haiwezekani," Mama Huruma akasema, na safari hii kwa hasira, mdomo wazi. "Nimesema hiyo haifai mtu kula!"

Mimi nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Niliuona kabla ya wote, nikaziba mdomo wangu kwa kanga. Yeyote aliyekulia kwetu anajua zambarau ilivyo. Unaweza kuosha mikono kwa sabuni, ukapiga mswaki, ukaomba na msamaha juu yake. Ulimi haudanganyi mpaka kesho yake.

Skola naye aliuona. Akasogea karibu, taratibu, akaongea kwa upole kabisa.

"Wifi. Hebu toa ulimi."

Mama Huruma akafumba mdomo. Jicho likamtoka.

"Utoe tu. Mbona mimi wangu huu hapa?" Skola akautoa wake, mweusi tii, akageuka nao kulia na kushoto kama anauza. Watoto wakapiga makofi. Mzee Awadhi akakaa chini kabisa na sahani yake, akicheka mpaka kofia ikadondoka. Godwin, kaka yetu, mume wa mtu, akajifanya anatengeneza kamba ya turubai.

"Vijiko vitano, wifi," Skola akasema. "Nimevihesabu kwa shimo. Na bado umesimama wima. Umejisikia kuanguka?"

"Hapana," Mama Huruma akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Ilikuwa tamu?"

Machozi yalikuwa yameanza kumlenga Mama Huruma, na nilimwonea huruma, maana aibu ya mbele ya wageni ni kitu kizito. Skola naye aliona. Lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Alisimama na kijiko chake, anasubiri.

"Ilikuwa tamu," Mama Huruma akasema mwishoni. Akafuta uso kwa ncha ya kanga, akaangalia chini, akataja kwa haraka kama mtu anayemeza kidonge. "Keki ya Skola."

Nikafungua mdomo nipige kigelegele. Skola akaninyooshea kiganja, bado.

"Wa kule nyuma hawajasikia, wifi," akasema. "Na jina langu ni refu kuliko hivyo. Rudia."