Mfuko wa Matibabu ya Meneja

Paka wa wifi yangu anaitwa Meneja, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na sote tunamwogopa. Alipougua jino akagoma kula, nyumba nzima ilisimama. Mume wangu aliomba ruhusa kazini. Shemeji, mdogo wake, alizunguka mtaa mzima akiulizia daktari wa wanyama, utadhani anatafuta mchumba.

Baba mkwe alikuwa sebuleni, mguu juu ya stuli.

"Na goti langu mlikumbuke," alisema.

"Ni uzee huo, baba," wifi alimjibu bila kugeuka. Jibu hilo alilipata kila siku, kama chai.

Daktari wa kwanza alikuja na buti za mpira na kamba ya kumwangushia ng'ombe. Alimtazama Meneja, akauliza sehemu iliyobaki ya mnyama iko wapi. Wa pili alikuwa wa kuku tu. Alitushauri paka akizidiwa tumtenge na wenzake. Wa tatu tulimpata nyuma ya duka la mabati, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja nyumbani, akamlaza Meneja kwenye mkeka, akaling'oa jino.

"Jino ni mwanzo tu," alisema akinawa mikono. "Kuna chanjo, kuna minyoo, kuna dharura, na mwisho kuna uzee. Wekeni akiba sasa, msije mkahangaika."

Maneno yaliwaingia. Kikao kikafanyika palepale. Ndugu hawa hubishana wiki nzima nani anunue balbu, lakini siku hiyo walishindana kutoa. Mume wangu akabeba chanjo. Shemeji, ambaye hana hata kiatu cha maana, akabeba dharura. Wifi akataka uzee wa Meneja uwe na godoro lake na mtu wa kumkanda viungo. Wakapiga makofi. Meneja mwenyewe alikuwa amelala juu ya koti la daktari.

Hapo baba mkwe akanyoosha mkono.

"Niandikeni na mimi."

"Kama mchangiaji, baba?" aliuliza mume wangu.

"Kama paka."

Walicheka. Mzee hakucheka. Aliteremka kitini taratibu, akajikokota hadi kwenye mkeka alipotibiwa Meneja, akapandisha suruali. Goti lilikuwa limevimba hadi linang'aa. Vicheko vikakatika.

"Mzee wangu, mimi si daktari wa watu," alisema daktari.

"Najua. Wa watu yuko mbali, na sina wa kunipeleka. Wewe umeletwa mpaka ndani."

Daktari aliligusa goti kwa vidole viwili. Mzee akauma meno.

"Huu si uzee. Humu mna usaha. Huyu ni wa hospitali, leo hii, si kesho." Akainua kichwa. "Mwenyewe ni nani?"

Mume wangu alitazama dari. Shemeji alikumbuka ghafla kwamba ana simu.

"Ni wetu sote," wifi akasema mwishowe.

"Kazi hii nimeifanya siku nyingi, dada. Mnyama wa wote ndiye anayekufa."

Hasira zilinipanda, juu yao na juu yangu mwenyewe, maana goti lile nililipita kila siku nikiwa na ufagio mkononi.

"Ni wangu," nikasema.

Mume wangu alinitazama kana kwamba nimemwibia kitu.

"Haya," daktari akasema, akifungua bendeji. "Mshike kichwa nimfunge mguu, asiumie njiani. Wengine huuma."

Nilipiga magoti nikakishika kichwa cha baba mkwe wangu, ambacho tangu niolewe nilikuwa sijawahi kukigusa. Kilikuwa chepesi. Hakuuma. Bendeji ilipokazwa alifumba macho, machozi yakamtoka yakanilowesha kiganja.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nakusumbua."