Vyumba vya Majivu

Mwaka 1969 Bwana Ghanshyam alinunua nyumba tuliyopanga Kariakoo, aibomoe ajenge ghorofa, yeye na mkewe wakae juu. Ofisi ya mipango ya mji ilimpa kibali kwa sharti moja: vyumba vinne vya chini viwe vyetu wapangaji wa zamani, kwa kodi ileile. Tulipiga vigelegele hadi majirani wakauliza nani anaolewa.

Kisha Bwana Tarsis wa ofisi hiyo akaleta ramani tuitie sahihi. Alitusomea mstari kwa mstari, na tulipouliza akarudia. Lakini futi za kwenye karatasi hazikuniingia akilini. Nilitaka kujua jambo moja tu: nitakaangia wapi vitumbua? Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wanangu tangu baba yao alipofariki.

"Ngojeni," akasema shoga yangu Sofia. Akaleta ndoo ya majivu, akamwomba Tarsis atupimie. Akapima bila kuudhika, jua lote lile. Tukachora vyumba vyote vinne mbele ya nyumba, ukubwa uleule wa ramani, tukatoa na vitanda. Mtaa mzima ukaja kutazama.

Kitanda changu kikaenea. Kabati likaenea. Jiko la mkaa nikabaki nalo mkononi. Ua haukuwamo, mahali pake ramani iliweka stoo ya vitambaa vya biashara vya Bwana Ghanshyam.

Bwana Ghanshyam akafika na mkewe, Ranjanben. "Mnafanya nini hapa nje?"

"Tumeshahamia," akajibu Sofia. "Karibu, ila piga hodi!"

Akapiga hodi kweli, akavua viatu, akavuka majivu, akaketi kitandani. Nikaweka jiko mbele ya magoti yake.

"Nikiwasha hapa, Bwana, utaiva wewe kabla ya vitumbua."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Bila stoo, Bi Mgeni," akaniita kwa jina langu, "vitambaa nitaweka wapi?"

Nikaanza kufikiria kuhamia mbali, nisikojulikana na mteja hata mmoja.

"Na mimi achari nitaanika wapi?" Alikuwa Ranjanben, bado amesimama nje ya mstari.

"Juu ya paa."

"Peke yangu? Nipige soga na kunguru? Vitambaa havihitaji jua wala mazungumzo. Vipandishe wewe huko ghorofani."

Hapo Bwana Ghanshyam akacheka, akainuka, akachota majivu kwa mkono wake. "Bi Mgeni, ua wa futi ngapi unawatosha?"

Tarsis akarekebisha ramani pale pale, akiwa amekaa kwenye kitanda cha Sofia ndani ya majivu, ndipo tukatia sahihi.

Mwaka uliofuata ghorofa ilikamilika, tukarudi. Asubuhi ya kwanza niliwasha jiko uani, Ranjanben kando yangu akianika maembe. Mara tukasikia, "Hodi!" Alikuwa Bwana Ghanshyam, mwenye nyumba mwenyewe, amevua viatu mlangoni, sahani mkononi.

"Karibu ndani," tukamwambia sote. Kitumbua cha kwanza nikampa yeye.