Turubai Juu ya Mashine

Kampuni ilikuwa na mashine moja ya kuchanganyia zege na majengo mawili yanayoitaka. Kila Ijumaa bosi aliwakusanya wasimamizi wake na kuuliza swali moja tu: "Nani yuko tayari?" Aliyewahi kujibu ndiye aliyeondoka nayo. Huo ndio uliokuwa mpango wa kazi, na bosi aliuonea fahari.

Msimamizi wa jengo la shule, mama waliyembandika jina la Pimamaji kwa kuwa hakujua kupindisha ukuta wala neno, alijibu ukweli kama kawaida yake. "Bado nafunga nondo. Jumatano nitakuwa tayari." Msimamizi wa jengo la maduka alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mlaji wa mezani kwake kila Jumapili. Huyo alikuwa tayari tangu azaliwe. Mashine ikaenda kwake.

Jumatano ikafika. Mbao zimesimama, nondo zimefungwa, saruji na kokoto vinangoja. Sakafu ya ghorofa humwagwa kwa mkupuo mmoja, na mabeleshi hayawezi kazi hiyo. Tena bosi alishasema wazi: mvua ikiikuta sakafu haijamwagwa, nusu ya kikosi cha jengo la shule itaachishwa kazi. Pimamaji akapiga simu kuiomba mashine. Bosi akamwambia subira huvuta heri.

"Na mvua pia, bosi," akasema, lakini simu ilishakatwa.

Akaenda kwa miguu hadi kwenye jengo la maduka. Aliikuta mashine imefunikwa turubai, na juu ya turubai vibarua wameanika mashati. Hata msingi ulikuwa haujaisha kuchimbwa.

"Shemeji, hii mashine inafanya nini hapa?"

"Inasubiri, shemeji."

"Inasubiri nini, na wewe hata shimo huna?"

"Nikiiachia, siku nikiwa tayari itakuwa kwako. Nitaipata wapi?" Alisema bila haya, mikono mfukoni. "Na wewe si useme tu uko tayari? Kwani nani anakuja kukagua?"

"Nipe kesho tu. Jioni nairudisha."

"Mashine ikitoka hairudi, shemeji. Unajua."

Pimamaji alitamani kumzaba kofi mbele ya vibarua wake. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba jamaa alisema kweli: hakuna aliyekuja kukagua.

Usiku ule ule mvua ikaanza, ikanyesha mfululizo. Mbao zikavimba na kupinda, miti iliyozishikilia ikadidimia kwenye matope, upande mmoja ukaporomoka pamoja na nondo zake. Nusu ya kikosi ikaachishwa kazi. Walimuaga kwa adabu, na adabu ile ikamchoma kuliko matusi.

Jumapili shemeji akaja kula kama hakikutokea kitu. Mezani hakukuwa na sahani yake. Mume akauliza iko wapi.

"Inasubiri," akasema Pimamaji.

Ijumaa bosi akauliza, "Nani yuko tayari?" Shemeji alikuwa ndiyo kwanza anafumbua mdomo.

"Mimi," akasema Pimamaji.

Kwake kulikuwa na mbao zilizolala matopeni, basi. Lakini nani angemshuku Pimamaji? "Ichukue," akasema bosi.

Mashine ilipofika aliifunika turubai kwa mikono yake, akakaza kamba kila pembe. Kibarua mmoja, shati lililolowa mkononi, akamuuliza kama anaweza kulianika pale juu.

"Anika," akasema. "Itakaa."