Chumba cha Mbele

Ndani ya kuta za mji wetu wa Dubrovnik, ikifika Agosti hakuna mwenye nyumba anayelala kitandani kwake. Kitanda ni cha mgeni anayelipa. Sisi tunatandika magodoro jikoni, tunanuna siku mbili tatu, kisha tunazoea. Ndivyo nilivyomlea binti yangu Desa, na sikuwahi kuona kosa hapo.

Mwezi wa Mei alinipigia simu kutoka Ujerumani. "Mama, Agosti tunakuja, mimi, mume wangu Uwe na mtoto. Tulale wapi?"

"Swali gani hilo? Si kwenu hapa? Jikoni patatutosha."

"Na chumba cha mbele?"

"Hicho cha wageni. Bado kitupu, lakini Agosti hakikosi watu."

"Basi usijali, Mama. Tutatafuta pa kulala."

Kesho yake familia moja ya Riedel ikakichukua kwa wiki nzima ya Agosti, nikashukuru Mungu. Hasira ilikuja baadaye. Mwanangu alale hotelini, na mimi niko hai! Jirani yangu Jele, ambaye kinywa chake hakina mlango, alinikuta naanika mashuka.

"Pave, nasikia binti yako anatafuta hoteli. Kwani wewe tumekuzika lini?"

"Shika lako, Jele."

"Nashika. Ila ningekuwa wewe, hao Riedel ningewafuta."

Wiki nyingi nilitaka kuwafuta. Lakini mgeni ukimfuta anakuandika vibaya mtandaoni, na wa mwakani hawaji. Nikajiambia Desa ni mtu mzima, ataelewa. Moyo ulikataa, mkono ukafuata mazoea.

Jumamosi yao ikafika. Nilitandika shuka za kitani za marehemu mama, nikaweka mezani sahani ya rožata, kastadi tamu ya kwetu, niliyoipika alfajiri. Saa nane mlango ukagongwa. Nikafungua nikitabasamu, kama ninavyowatabasamia wageni wote.

Alikuwa Desa, anahema kwa ngazi zetu, mtoto kambeba, na Uwe nyuma na masanduku.

"Riedel ni wifi yangu," alisema. "Nilimwomba atuwekee chumba kwa jina lake."

"Umekilipia chumba cha kwenu? Unanitukana, Desa!"

"Sikutukani, Mama. Nimekulia nyumba hii, na hakuna Agosti hata moja niliyoamka nikaiona bahari kwenye dirisha la chumba hicho. Nimetaka mwanangu aione."

"Si ungeniambia!"

"Nilikuuliza, Mama."

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kumkumbatia, nimwombe radhi, nimpokee mjukuu wangu. Lakini miaka thelathini nimesimama mlangoni pale nikipokea watu, na kila mgeni lazima aandikishwe, na kabla sijajizuia mdomo ulishasema:

"Vitambulisho, tafadhali."

Desa hakukasirika. Chake alikuwa ameshakitoa.